Gamba la Mgongoni

Kaari wa Kibugu alikuwa mwanamke mfupi, mchapakazi, mbishi kupita kiasi, na mdomo wake haukujua Jumapili. Ukimwambia mvua inakuja, atakuuliza nani amekuambia. Ukimwambia haiji, atatoka nje atazame mwenyewe. Watu walimwonea huruma Gitari alipotangaza kwamba huyo ndiye atakayemwoa, lakini Gitari hakuwa na haja na huruma ya mtu. Tangu utotoni alikuwa akitafuta mtu wa kubishana naye, na sasa alikuwa amempata.

Gitari alikuwa mtu wa ngozi. Alifanya kazi katika banda la Mohamud, Msomali aliyenunua ngozi za ng'ombe na mbuzi mjini Embu. Kazi yake ilikuwa kuzikwangua, kuziwamba na kuzianika, na jioni alinuka hivyo hivyo. Basi siku moja mtu kutoka Mbeere alileta ngozi ya kenge, kubwa ajabu, nzima mpaka kwenye kucha. Mohamud akaikunjia uso, akasema, "Hii peleka mbali na mimi." Gitari akaitia kwapani, akapanda nayo hadi Kibugu kwa msichana aliyekuwa akimposa. Wenzake hupeleka asali. Yeye alipeleka kenge!

Kaari alipiga ukelele akaruka nyuma. Kisha akarudi hatua moja moja, akachuchumaa, akaushika mguu wa mbele wa ile ngozi.

"Mbona vidole vyake kama vya mtu?"

"Kwa sababu binamu zake ni watu," Gitari akajibu bila hata kufikiri. "Wanakaa huko juu msituni. Wanaitwa Watiriri."

"Mwongo wewe! Msituni kuna baridi. Mjusi ataishi vipi kwenye baridi?"

Swali hilo ndilo lililowaoza, wala si mbuzi waliopelekwa baadaye. Gitari alirudi nyumbani akitafuta jibu, na wiki iliyofuata akaja nalo: Watiriri wanakaa kwenye mapango yenye chemchemi za maji moto. Kaari akauliza, sasa huko pangoni gizani wanaona vipi? Gitari akaenda tena kutafuta. Ikawa hivyo mpaka wakaoana, na miaka miwili ndani ya ndoa Watiriri walikuwa wamekamilika, kuanzia utosini mpaka ncha ya mkia, na hakuna kiungo kimoja ambacho hakikugombaniwa.

Mtiriri, kama hujabahatika kusikia habari zake, anamfika mtu mzima kifuani. Anatembea kwa miguu miwili, na akichoka kusimama anaukalia mkia wake mwenyewe, kwa hiyo nyumbani kwake hutakuta kiti. Mgongoni ana magamba mapana ya rangi ya jani la mgomba lililoanza kukauka. Tumboni hana gamba, ana ngozi laini ya manjano hafifu. Kila mkono una vidole vitatu na madole gumba mawili, moja kila upande, hivyo anaweza kufunga fundo kwa mkono mmoja huku mwingine ukikoroga chungu. Hilo la fundo lilikuwa wazo la Kaari, aliyekuwa amechoka kubeba kuni na kufunga kamba kwa wakati mmoja.

Macho ana matatu. Mawili yako mahali pake, ila kope zinafunga kutoka chini kwenda juu. La tatu liko utosini, dogo kama punje ya njahi, yale maharagwe meusi, nalo linaona mwanga na kivuli tu, basi mwewe hawezi kumvizia. Meno yake yanaota maisha yote, likitoka moja linakuja lingine, kwa hiyo hakuna kikongwe wa Kitiriri anayetafuniwa chakula. Ulimi umegawanyika ncha mbili. Akiutoa nje kidogo tu anajua nani alipita hapo jana na alikuwa na hasira au la. Damu yake ni baridi, na akili yake haifunguki mpaka ameota jua hadi saa tatu asubuhi. Ndiyo maana kwao hakuna mkutano, hakuna kesi na hakuna kazi kabla ya saa tatu, na anayemwamsha mwenzake mapema anahesabiwa mshenzi.

Lakini ajabu kubwa ni koo. Ngozi ya koo la Mtiriri inabadilika rangi kufuata moyo: buluu akifurahi, manjano akiogopa, na akisema uwongo inakuwa nyeupe kama chokaa, kila mtu anaona. Na akiwa na mapenzi hasemi kitu. Anatoa sauti ndogo kooni, tiriri, tiriri, kama chungu cha maharagwe kinachokaribia kuchemka. Jina lao lilitoka hapo.

Mara mbili kwa mwaka, mvua ikikaribia, Mtiriri anavua gamba. Siku hizo macho yake yanafifia, anawashwa mwili mzima, anagomba na kila mtu. Ngozi ya mbele anajiambua mwenyewe. Gamba la mgongoni, pale katikati ya mabega, mikono haifiki. Hapo anaambuliwa na mwenzi wake, polepole, kwa maji ya uvuguvugu.

Sasa hapo ndipo nyumba ilipogawanyika. Je, mwenzi asipokuwepo?

"Linabaki," Gitari alisema. "Linakaa hapo hapo mgongoni mpaka mwenzi mwenyewe arudi. Mwingine haligusi."

"Ebo! Mtu akae na gamba bovu mgongoni, linamkaba, linamwasha, eti anangoja? Majirani wako wapi? Atamwita jirani amwambue, maisha yaendelee."

"Jirani hawezi."

"Anaweza! Ana madole gumba manne!"

Mambo mengine yote waliyamaliza. Hilo hawakulimaliza kamwe.

Mwaka wa hamsini na nne askari wa serikali ya Waingereza wakamchukua Gitari. Alikuwa amekula kiapo cha kupigania ardhi, kama walivyokula wengi, na siku ya msako mjini alitolewa bandani na kisu cha kukwangulia kikiwa bado mkononi. Mohamud alikwenda kumsemea akaambiwa arudi kwenye ngozi zake, na Gitari akapelekwa kambi ya kizuizini mbali na Embu. Mwaka huo huo watu wa Kibugu walitolewa kwenye maboma yao, nyumba zikachomwa, wakasongamanishwa katika kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki na miti iliyochongwa ncha. Wanawake wakawa wanaamshwa alfajiri na filimbi ya homgadi, askari mlinzi wa serikali, kwenda kuchimba handaki lingine refu ukingoni mwa msitu. Kaari alichimba huku amenuna. Jirani yake Cicily, mjane mwenye roho nzuri, alimsikia akinung'unika kila asubuhi kwamba hata mijusi haifanyi kazi kabla ya saa tatu, akadhani jembe limemchanganya akili.

Barua ziliruhusiwa, moja kwa mwezi, ukurasa mmoja. Lakini usiandike habari za kijiji, usiandike za handaki, usiandike za njaa wala ugonjwa, na aliyeko kambini asiandike za kambi. Haya, mwambie mtu mbishi aandike ukurasa mzima bila kuandika kitu! Kaari alikuwa amesoma misheni miaka mitatu, mwandiko anao, ila alikaa mbele ya karatasi akashindwa hata kuanza. Kisha ikaja barua ya Gitari. Ilianza hivi: "Kaari, sijambo. Nimefikiri tena juu ya ulimi wa Mtiriri, na naona tulikosea." Kaari alicheka kwa sauti, halafu akaziba mdomo kwa ile barua akalia mpaka wino ukachafuka.

Tangu hapo waliandikiana habari za Watiriri. Mayai yao ni mawili, wanayafukia kwenye jivu la moto, baba na mama wanapokezana kuyageuza. Mtoto akizaliwa koo lake halina rangi, rangi inakuja anapojifunza kusema. Wakivunjika mkia unaota mwingine, mfupi kidogo, na hawauonei haya. Na kila barua, mwishoni kabisa, lilikuwepo lile gamba. "Linangoja," aliandika Gitari. "Majirani wataambua," alijibu Kaari. "Usiwe mpumbavu."

Lakini mtu asidanganyike na maneno ya Kaari. Kibanda cha Kaari kilikuwa kimeezekwa haraka haraka, na mvua za hamsini na sita zilipoanza paa likavuja upande wa kitanda. Kwa desturi mwanamke hukata nyasi, na mwanamume ndiye apandaye paa. Kithaka, rika la Gitari na mtu mwenye adabu zake, alikuja mara tatu.

"Shemeji, nyasi umeshakata. Nipe nusu siku tu."

"Mwenye paa atakuja," Kaari alijibu.

"Atakuja lini?"

"Akija utamwona."

Alihamishia kitanda ukutani, akaweka chungu chini ya tundu. Kwenye barua alikuwa anapigania majirani waruhusiwe kuambua, na huku jirani amesimama mlangoni na yeye anamfukuza. Cicily aliona, akasema, "Dada, wewe unabishana hata na wewe mwenyewe." Kaari alimwambia ashughulike na chungu chake.

Mwezi wa Mei barua haikuja. Juni haikuja. Julai hedimani, mkuu wa kijiji, alimletea pasi ya kutoka kijijini na amri: aende ofisi ya wilaya mjini, aulizwe maswali. Kaari alitembea kutoka Kibugu hadi mjini tumbo likiwa tupu, na hakula hata ile ndizi aliyopewa na Cicily.

Mlangoni alipokewa na karani aliyekagua barua za watu wa kambini, Murithi, Mmeru kutoka Kiirua. Kiembu alikisoma vizuri tu, kwani Kimeru hakiko mbali nacho. Alimweka kando, akasema kwa sauti ya chini, haraka haraka:

"Mama, sikiliza vizuri. Mume wako alikuwa karibu kuletwa kambi ya kazi hapa karibu, halafu nyumbani. Lakini kule kambini wamepata barua zenu wakasema hii ni lugha ya siri. Watiriri ni watu wa msituni, macho matatu ni walinzi, mayai kwenye jivu ni risasi zimefichwa. Afisa ameandika maswali kumi. Mume wako ameulizwa kule, majibu yamekuja jana kwa bahasha. Wewe utaulizwa hapa. Majibu yakilingana, ni hadithi tu na anakuja. Yasipolingana anarudishwa mwanzo kabisa, na huko mwanzo mtu anaweza kukaa miaka."

"Na wewe ulisoma barua zote hizo?" Kaari akauliza.

"Zote, mama."

"Ukaona ni risasi?"

Murithi akatazama viatu vyake. "Mimi sikuulizwa," akasema.

Afisa alikuwa kijana Mzungu mwenye pua iliyobabuka jua. Bahasha ilikuwa mbele yake. Akaanza bila salamu. "Hii Tiriri iko na macho ngapi?"

"Matatu. La juu linaona kivuli tu."

Afisa alitazama karatasi, akatia alama. Meno? Yanaota daima. Vidole? Vitatu na madole gumba mawili. Koo likiwa jeupe? Amedanganya. Saa ya kuamka? Anaamka akitaka, akili inafunguka saa tatu. Kaari alijibu akiwa amesimama wima, mikono nyuma, na kila alama iliyotiwa ilimrudishia pumzi kidogo. Mayai, jivu, mkia, ulimi. Maswali tisa, alama tisa. Murithi alikuwa amekaa pembeni kwenye taipureta, na hata yeye alianza kukunjua uso.

"Ya kumi. Tiriri natoa ngozi ya mgongo. Bwana yake hapana iko. Nani natoa?"

Kaari aliitazama ile bahasha.

Jamani, ubishi wa miaka sita ulikuwa umemfika kooni! Jibu lake alilijua: majirani. Lakini jibu la Gitari alilijua pia, alikuwa ameliandika mara ishirini, linangoja, linangoja. Gitari habadiliki. Na ili majibu yalingane, mmoja lazima aache lake. Tena, ukweli usemwe, alipokuwa amesimama pale alikumbuka paa, na chungu kilichojaa maji, na Kithaka akigeuka mlangoni mara tatu, akaona kwamba hata bila bahasha hiyo angejibu hivyo hivyo.

"Hakuna anayetoa," akasema. "Linabaki mgongoni. Linangoja mwenyewe arudi."

Afisa alitazama karatasi muda mrefu. Hakutia alama. Akaisukuma kwa Murithi, akaigonga kwa kidole.

"Hapana sawa," akasema. "Bwana yake nasema ingine."

 Kaari aliegemea ukuta, akasema kwa Kiembu, bila kumwambia mtu yeyote, "Nimemuua. Nimemuua kwa mdomo wangu." Murithi akaisoma karatasi, akaisoma tena. Halafu alifanya jambo ambalo hakuna karani aliyewahi kulifanya katika ofisi ile. Alicheka. Alicheka mpaka akavua miwani, na alipoipangusa ikaonekana macho yake yana maji.

Aliinuka bila kuruhusiwa, akafungua kabati, akatoa faili la barua zote, akazipanga mezani moja baada ya nyingine na kuonyesha mstari wa mwisho wa kila moja. Akamweleza afisa kwa Kiingereza, na Kaari hakuelewa neno, lakini aliona kidole cha karani kikienda kwa Gitari, kwake, kwa Gitari, kwake. Kisha kikaenda kwenye karatasi mbili za majibu, kikakatiza huku na huku kama mtu anayefunga kamba za kiatu. Afisa alifuata kile kidole. Alichukua barua moja, akaishika, akaiweka. Akatazama dirishani.

"Watu jinga sana," akasema hatimaye, na akapiga muhuri.

Nje kwenye varanda ndipo Murithi alipomwambia Kaari maana yake. "Nimemwonyesha kwamba miaka miwili mizima bwana wako anasema linangoja na wewe unasema majirani. Sasa yeye ameandika majirani, na wewe umesema linangoja. Nikamwambia, bwana, lugha ya siri haifanyi hivi. Hii ni mke na mume. Amekubali, bwana wako atakuja."

"Ameandika majirani? Gitari?"

"Ameandika hivi, nimeyashika maneno." Murithi akafumba macho ayakumbuke. "Majirani wamwambue. Asikae na uchungu mgongoni kwa ajili yangu."

Kaari alikasirika papo hapo. Alisema Gitari ni mjinga, kwamba ubishi wa miaka yote hiyo ameuachia njiani kama mzigo wa kuni, kwamba angekuwa karibu angempiga kwa mwiko. Alisema hayo yote huku machozi yakimtiririka mpaka kidevuni na hajisumbui kuyafuta. Alimpenda yule mwanamume kupita alivyojua, na alijulia hapo, mbele ya karani wa serikali. Murithi alimwomba ile ndizi aliyoishika, maana ilikuwa inapondeka, na wakaigawana.

Alipofika Kibugu alikwenda moja kwa moja kwa Kithaka. "Njoo uezeke," akasema. "Mwenye paa ameruhusu." Kithaka alikuja kesho yake, na nyasi zilikuwa bado nzuri.

Gitari alirudi mwezi wa pili mwaka uliofuata, mchana, kwa miguu, blanketi begani. Alikuwa amekonda hivi kwamba Cicily alimsalimu kama mgeni. Kaari alikuwa anapukuchua mahindi mlangoni. Hakukimbia. Aliweka gunzi chini, akasimama, akamtazama, naye Gitari akamtazama, kisha akatazama juu.

"Nani aliezeka?"

"Majirani," Kaari alisema. "Si ulisema wewe?"

"Nilisema." Gitari aliingia ndani akakaa kitandani. "Vizuri. Ni paa zuri."

Kaari aliteleka maji. Yalipopata uvuguvugu Gitari alivua shati alilotoka nalo kambini, akageuka, na Kaari akaona mgongo wake. Walikuwa wamevunja mawe juani miaka miwili, vifua wazi, katika vumbi la chokaa. Mikono na kifua alikuwa amejipaka mafuta kadiri alivyoyapata. Lakini katikati ya mabega, pale mkono usipofika, ngozi ilikuwa imekakamaa, imepasuka, inabanduka vipande vipande.

"Gitari! Kambini mlikuwa watu maelfu. Hakuna hata mmoja wa kukupaka mafuta mgongoni?"

"Walikuwepo. Waliniuliza mara nyingi."

"Sasa? Wewe mwenyewe uliandika majirani waambue!"

"Niliandika wewe usingoje," Gitari alisema. "Sikuandika mimi."

Kaari alifungua mdomo kubisha.  Kisha akalowesha kitambaa, akachukua mafuta ya mbarika, akaanza kumwambua polepole, kipande kimoja kimoja. Cicily alipopita nje na mtungi wake alishangaa, kwani nyumba ile ilikuwa kimya kabisa, isipokuwa sauti ndogo ya kooni ambayo alidhani ni chungu kilicho motoni.